Dari la Mawingu na Kamusi Iliyoniponza

Ndugu Mhariri wa Kamusi Kubwa ya Kiingereza,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wasaidizi wako wote wanaochimba asili za maneno. Mimi si salama sana. Ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na mtaani wananiita Bwana Asili, kwa kuwa mtu akija kuazima meza, ataelezwa kwanza neno meza lilikotoka. Jina hilo nililipokea kama sifa. Siku hizi naanza kuhisi walikuwa wananicheka.

Malalamiko yangu dhidi ya ofisi yako ni haya:

1. Mke wangu ana shule ndogo ya chekechea uani kwetu. Alinikabidhi kazi moja tu, kumsimamia fundi rangi apake dari la darasa. Agizo, kama nilivyolifikisha kwa fundi, lilikuwa 'sky'. Mtu mwingine angepaka chochote akaenda zake kula. Mimi nikafungua kamusi yako. Nikakuta kwamba neno hilo Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na kwa wenyewe hao lilimaanisha wingu. Wingu, Ndugu Mhariri! Maana ya anga zima ilikuja baadaye, kwa mazoea. Mimi mazoea siyataki, nataka asili. Nikaamuru mawingu, ukuta hadi ukuta.

2. Hukuandika wingu la rangi gani. Kamusi nzito vile, inayotaka mikono miwili kuishusha kabatini, imekosa nafasi ya kusema "jeupe"? Fundi alikuwa na kijivu kilichobaki kwenye kazi ya gereji. Akaniambia, "Mwalimu, hiki ndicho kinachoficha madoa." Nikakubali, tena kwa tabasamu la mtaalamu.

3. Shule ilipofunguliwa, watoto waliinua macho juu, wakakataa kuvua makoti. Mmoja alilia kwamba mvua itanyesha ndani. Mzazi mmoja aliuliza kwa upole kama dari linavuja. Wengine wameshahamishia watoto wao shule ya pili, ile yenye vipepeo ukutani. Mke wangu aliijenga shule hii kwa kujinyima, na ikifungwa hana kingine. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Hilo linaniuma kuliko yote, na nalisema bila mzaha.

4. Nilijaribu kumtuliza kwa kumsomea pale unapodokeza kwamba, mbali zaidi, mzizi wa neno hilo ni kufunika. Nikamuuliza, dari si linafunika? Basi kazi imefanyika barabara! Akanihamishia godoro stoo. Sasa nalala kati ya madawati mabovu na kamusi yako.

5. Kwa hiyo naomba, kwanza, neno hilo lirudishwe kaskazini kwa wenyewe, kwa gharama yenu. Mpaka litakapofika, Waingereza wote watumie lile neno lao la zamani la mbingu, au wanyooshe kidole juu. Halafu mje kupaka dari upya, na ngazi mje nayo, maana yetu inacheza. Mwisho, utamke mwenyewe mbele ya mke wangu kwamba kosa ni lako. Chai tutakupa.

Wasalimie wachapaji, wasahihishaji, na yule aliyeshughulikia herufi S. Mwambie sina kinyongo naye, ila asipite mtaa huu.

Mwenzako katika mapenzi ya maneno,
Bwana Asili,
Stoo.

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema yeye hakutamka neno la Kiingereza hata moja. Alisema, "Baba watoto, mwambie fundi apake bluu." Nimefikiri sana, na kweli, alisema bluu. 'Sky' nililitia mwenyewe njiani, ili fundi ajue anasimamiwa na mtu aliyesoma. Basi usihangaike na watu wa kaskazini. Bluu nimeshanunua, nitapaka mwenyewe. Ameniambia nitatoka stoo nikimwomba radhi, mradi nisimweleze neno radhi limetoka wapi. Najaribu tangu asubuhi, lakini kila nikifungua mdomo, naanzia kwa Waarabu.