Tumbo la Kihunan

Jumatatu, 9 Juni
Mwalimu Shu, mkuu wa maabara, ametangaza. Ijumaa atachagua njia moja ya kupima udongo wa shule ya chekechea iliyo karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyusha risasi, ile metali yenye sumu. Watoto hawajacheza uani tangu majira ya baridi. Wanachungulia bembea dirishani, maskini. Mtoto akicheza chini humeza udongo kidogo. Sisi tunatakiwa kusema tumbo lake litaivuta risasi kiasi gani, na kiasi gani kitapita tu.

Washindani wawili: Hua Manqing na mimi. Mshindi, njia itaitwa kwa jina lake kwenye ripoti ya mkoa. Njia ya Kuang! Nimelitamka chooni kwa sauti. Linapendeza.

Tumbo la bandia la Hua ni lile la vitabuni. Asidi kwenye chupa, udongo ndani, joto la mwili, mashine inazungusha saa nzima, unachuja, unapima. Tumbo la nani hilo? La mtu asiyekula!

Jumanne, 10 Juni
Wazo limenijia nikila tambi za asubuhi. Mtoto wa Hunan, mkoa wetu wa walaji pilipili, hana asidi tupu tumboni. Ana pilipili za kuchachuka! Nimechota maji ya pilipili kutoka kwenye gudulia la mama mkwe, lile la kijani linalong'aa, alilorithi kwa mama yake. Amenifokea. Nikamwambia ni kwa ajili ya sayansi. Akasema sayansi ikanunue pilipili zake.

Nimempelekea Mwalimu Shu bakuli la pilipili hizo hizo. Si hongo. Ni kumzoesha njia yangu. Amekula zote, akasema ahsante Kuang Mdogo. Nina miaka arobaini na mbili!

Jumatano, 11 Juni
Chupa zangu zimeingia kwenye mashine. Asidi, udongo, maji ya pilipili. Harufu safi kabisa. Maabara nzima imeona njaa.

Hua akauliza iko wapi chupa yangu isiyo na udongo. Yeye kila siku huzungusha chupa moja ya tumbo tupu, eti ajue kama kuna uchafu unaoingia kutoka kwingine. Nikamjibu kwamba tumbo lisilo na udongo si kipimo, ni njaa. Watu wakacheka. Hua hakucheka. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Juni
Majibu! Kwa Hua, udongo umeachia risasi chini ya nusu. Kwangu: mia na thelathini kwa mia!

Hua akaikodolea karatasi yangu macho. "Kaka Kuang, hebu nieleweshe. Udongo umetoa risasi nyingi kuliko iliyokuwamo?"

Nikamwambia hiyo ndiyo nguvu ya pilipili.

"Basi tuuzungushe tena kesho, huenda ukatoa na dhahabu."

Kwao ni mji wa Wuxi, mbali na hapa. Hata nyama wanaitia sukari. Atajua nini kuhusu tumbo? Nimeondoka mapema nikapige pasi suti.

Ijumaa, 13 Juni
Usaliti! Jana nilipokuwa napiga pasi, Hua alizungusha chupa moja ya tumbo LANGU, bila udongo. Kwa ruhusa ya nani? Leo akasimama mbele ya watu wote. Chupa haina hata punje ya udongo, na risasi imejaa tele. Akasema inatoka kwenye maji ya pilipili. Na maji yanatoka kwenye gudulia. Na gudulia ni la zamani, na rangi yake ya kung'aa imechanganywa na risasi.

Mwalimu Shu akajishika tumbo taratibu.

Njia ya Hua imepita. Udongo wa juu wa uani utachotwa, utaletwa mwingine, na watoto watarudi kwenye bembea. Nafurahi kwa ajili yao, kweli. Lakini nauliza: nani aligundua gudulia lenye sumu? Tumbo la Hua lingezunguka mpaka Mwaka Mpya lisigundue kitu! Nilisema hivyo kwa sauti, nikiwa nimesimama, ndani ya suti.

Mwalimu Shu akasema, "Kuang Mdogo, kaa chini. Halafu inuka, tuongozane hospitali."

Jumamosi, 14 Juni
Nimempeleka na mama mkwe akatolewe damu. Alikataa, akaniita mwendawazimu, kisha akavaa viatu vyake vizuri. Nimeogopa, nakiri. Miaka yote hii yule mama na gudulia lile! Kwenye basi nilimshika mkono. Hatujawahi kushikana mikono. Akauliza kama nimevunja kitu nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni
Majibu ya damu. Mwalimu Shu yuko salama. Alikula bakuli moja tu. Mama mkwe yuko safi kuliko wote. Mimi risasi imezidi kiwango. Daktari amesoma mara mbili, akaniangalia, akasoma tena.

Sikuelewa. Nikamuuliza mama mkwe imekuwaje.

"Mimi nile zile? Zinaniunguza koo, sijawahi kuzigusa. Nakutengenezea wewe, mwanangu, maana unazipenda."

Nikambebea mkoba wake mpaka kituo cha basi.

Nimepewa dawa. Gudulia la kijani limepigwa marufuku nyumbani kwangu. Sawa! Lakini Hua asijidanganye. Tumbo langu halikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la gudulia. Jioni nimepita sokoni nikanunua jipya. Jekundu, linang'aa mpaka najiona uso. Bei ya kutupwa! Nilimuuliza muuzaji kama ni salama, akaapa kwa jina la mama yake.

Mama mkwe ameshalijaza pilipili. Hua amepiga simu, nimwazime maji kidogo ayapime kwanza, bila udongo. Nimemkatia. Kupima nini? Gudulia ni jipya!