Kompyuta ya Mezani Katika Banda la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepata wazo. Wazo kubwa! Mama mkwe ana mashine ya kutotolesha vifaranga, imejaa mayai, na wiki hii yataanguliwa. Ametangaza kwamba wakitoka salama, atamkabidhi mkwe mmoja ufunguo wa banda. Wakwe tuko wawili: mimi, na mume wa dada yake mke wangu, fundi lifti, anayetembea na bisibisi mfukoni hata harusini. Tangu nioe, mama mkwe hajanisifia hata kwa bahati mbaya. Inaniuma.

Nimeichungulia ile mashine. Joto lake linaongozwa na kibao cha umeme kidogo kuliko kiberiti. Hakina skrini. Hakina kitu! Mayai yote yale yanategemea kidude! Na mimi nina kompyuta nzima ya mezani.

Jumanne, 5 Machi

Nimechomoa kidude, nimeunganisha kompyuta. Programu ya joto nimeiandika mwenyewe. Fundi lifti kaja kupeleleza, akauliza kwa nini nimeajiri mpishi wa harusi achemshe yai moja. Akaeleza, bila kuombwa, kwamba hata kibao kina mfumo endeshi wake, mdogo, wa kazi moja: kupima joto na kuwasha taa inayopasha mayai papo hapo, basi. Ndiyo maana kumbukumbu finyu inakitosha, na kinaamka kufumba na kufumbua. Mfumo wa kompyuta yangu, akasema, unahudumia programu chungu nzima, na kila moja inangoja zamu yake.

Nikamjibu kwamba mwenye wivu ajinyonge. Mama mkwe akaitazama skrini, akasema inapendeza. INAPENDEZA!

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe amegundua mchezo wa karata ndani ya kompyuta. Anacheza huku nyimbo zikipigwa, huku kinga ya virusi ikikagua kila kona. Programu yangu ya joto imekaa foleni kama mtu asiye na mjomba ofisini. Mashine ikaanza kupoa. Nikamwomba mama, kwa heshima zote, apumzike kidogo. Akasema anakaribia kushinda. Nikaifunika mashine kwa koti langu la harusi.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Kompyuta imeamua kujisasisha. Haikuuliza mtu. Ikaniambia nisubiri na nisiizime. Ikafika asilimia tisini na tisa, ikaganda hapo kama mgeni anayeaga mlangoni. Mayai yanapoa! Mke wangu akanikumbusha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, kisha akasema nimwite fundi lifti. Nikasema heri nife. Akasema sawa, nife nikishamwita.

Nikamwita. Alicheka kwanza, akacheka tena, ndipo akarudisha kibao. Hata hajakaza skrubu, taa ikawaka! Hakuna kukaribishwa, hakuna kaduara kanakozunguka. Nilitaka kukichukia, nikashindwa.

Jumamosi, 9 Machi

Wametoka! Banda zima ni kelele tupu. Nimelia, wala sioni haya. Mmoja amepanda kiatu changu akakataa kushuka. Nimekumbatiana na fundi lifti, bisibisi yake ikanichoma mbavu, na bado nilikuwa na furaha.

Mama mkwe amenisifia mbele ya watu! Amesema kompyuta yangu haina mfano kwa karata, kwa hiyo ibaki sebuleni kwake. Fundi lifti amenyimwa ufunguo kwa kosa la kucheka mayai yakipoa. Kapewa mke wangu, na ameagizwa auweke mbali nami.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari sana. Fundi alisema kweli: mfumo mdogo haujisasishi ovyo wala haungoji mtu. Kosa langu nimeliona. Nilipeleka kompyuta kwenye kazi ya kibao, kumbe nilipaswa kupeleka kibao kwenye kazi ya kompyuta! Kinapima joto, kinawasha taa, muda uliobaki kimekaa bure. Uvivu huo! Nitakiongezea nyimbo, karata za mama na kengele ya mlango. Awamu nyingine ya mayai inaingia kesho, itakuwa nafasi nzuri ya kujaribu.

Mke wangu ametoka. Ufunguo umo ndani ya kopo la chumvi. Anadhani sijui.