Wachuuzi Arobaini wa Ggaba

Jumatatu, 4 Machi 2019

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Dakta Acayo katugawa katika vikundi vya mradi wa mwisho. Sisi tuko watatu. Wahabi wa Old Kampala, anayeandika programu hata akiwa kwenye foleni ya chapati. Estelle wa Butembo, aliyekulia katika duka la vitenge la mamake na anayeweza kukuuzia shati ulilovaa. Na mimi, Wangila wa Bungoma.

Shahada yetu ni ya teknolojia na biashara kwa pamoja. Watu huisoma ili wajue vyote viwili. Mimi nimefika mwaka wa tatu bila hata kimoja. Na mama ameshatangaza kanisani kwamba nahitimu mwaka huu!

Mradi: programu ya simu ya kuwaarifu wachuuzi wa samaki wa Ggaba ni mitumbwi gani imetua na imeleta nini.

Wazo! Nimemwambia Wahabi kwamba nitashughulikia soko pamoja na Estelle. Nimemwambia Estelle kwamba nitashughulikia programu pamoja na Wahabi. Wote wawili wamenishukuru.

Jumatano, 6 Machi

Mpango unafanya kazi kuliko mimi. Ila Estelle kaniuliza programu imefika wapi. Nikasema tunasumbuliwa na seva. Akauliza seva ipi. Nikakohoa mpaka akaniletea maji. Wahabi naye anataka majibu ya wachuuzi arobaini. Kumkwepa huyu maktaba na kumdanganya yule maabara kunachosha kuliko kusoma.

Bahati yangu hawapatani. Wahabi husema watu wa biashara ni kelele tupu. Estelle husema watu wa kompyuta hawamtazami mtu usoni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda Ggaba. Jua, matope, nzi. Mchuuzi wa kwanza anaitwa Nabwire, mama mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa. Nilipomuuliza jina, aliniuliza kama nimekuja kununua au kuuliza. Nikanunua dagaa, ambao hapa wanaitwa mukene, nikaenda kujinyoosha kivulini.

Wachuuzi thelathini na tisa waliobaki nimewabuni. Wote wana simu za kisasa. Wote wanaipenda programu yetu. Mmoja nimempa jina la shangazi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaona Wahabi na Estelle kwenye benchi moja. Wanacheka! Estelle akanipungia mkono kwa upole. Upole ule sikuupenda.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kuwasilisha. Dakta Acayo kaalika wachuuzi halisi watano, kawaketisha mstari wa mbele. Nabwire yumo.

Nikaonyesha chati zangu hivyo hivyo. Nikasema wachuuzi wote arobaini wana simu za kisasa. Nabwire akainua simu yake ya vitufe, imefungwa kwa mpira.

"Huyu kijana mi namujua," akasema. "Alinunua mukene, akauliza jina yangu tu, akaenda kulala kwa kivuli."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ndipo Estelle akasimama. Kumbe tangu Alhamisi Wahabi alikuwa amemfuata kumuuliza majibu ya soko, naye akamuuliza habari za seva. Mambo yote yakafichuka. Ijumaa, sikukuu ya wanawake, hakuna masomo, wakaenda Ggaba wote wawili na kuhoji watu mpaka jioni. Wakabadilisha kila kitu. Sasa ni ujumbe mfupi wa kawaida, unaofika hata kwenye simu ya vitufe. Wahabi akabonyeza. Simu ya Nabwire ikalia: mitumbwi miwili, sangara. Ulikuwa ujumbe wa majaribio tu, lakini mama wa watu alipiga vigelegele.

Nje nikamuuliza Estelle kwa nini hawakuniambia.

"Tulikungoja useme mwenyewe," akasema. "Siku tano."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Mama kapiga simu mara mbili, sikupokea.

Alhamisi, 14 Machi

Dakta Acayo kaniita ofisini. Sitahitimu na wenzangu. Nitafanya mradi mpya peke yangu, programu na soko, pande zote mbili. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi. Akavua miwani, akajisugua macho. Naye amechoka.

Ila kweli nimetafakari. Kosa lilikuwa Kiswahili! Wahabi anakijua, Estelle anakijua. Lazima wangeongea.

Safari hii nimepata wasaidizi wawili wanaofaa. Aloyo wa mwaka wa kwanza, fundi wa programu, hajui ila Kiacholi na Kiingereza. Tresor, mfanyabiashara wa kuzaliwa, ndiyo kwanza katoka Kinshasa na hajui ila Kilingala na Kifaransa. Hao hawataelewana kamwe.

Mimi mwenyewe Kifaransa sijui hata neno, wala Kilingala. Hilo ni dogo.