Suruali Iliyoumwa na Mbwa wa Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Mbwa wa jirani kamng'ata mzee wangu. Nyuma ya paja, mahali pasipotajwa mbele ya wakwe. Mbwa anaitwa Bwana Mkubwa. Mwenye mbwa ni fundi cherehani, mdomo mrefu kuliko uzi wake. Kasema mbwa wake hakutoka uani, mzee kajikwaruza kwenye seng'enge. Seng'enge gani inabweka?

Nimeosha kidonda kwa sabuni, nikamvisha mzee suruali safi, tukaenda hospitali. Huko mjukuu wetu ni nesi. Watu wakiumizwa, yeye hutibu na hukusanya ushahidi. Kanisifu kwa kuosha kidonda. Kampiga babu yake sindano, kakipiga picha kidonda, rula pembeni. Kisha kauliza suruali iliyoumwa iko wapi. Nyumbani! Kaniagiza nisiifue. Niianike kivulini, niitie kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki utaotesha ukungu.

Afisa wa mtaa naye kasema bila ushahidi hawezi kumlazimisha fundi amfunge mbwa. Na mzee kaapa hatoki tena. Miaka yote maji ya nyumba hii huyaleta yeye, na njia ya bombani inapita mlangoni kwa fundi. Leo kajikunja kitandani kama mtoto. Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Kuianika, nimeianika. Nikaitazama. Damu, tope, mate. Hiyo ndiyo iende mbele ya maofisa? Waseme mzee huyu hana mke? Nimeifua. Mara mbili. Palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, nikatia kiraka. Nikapiga pasi. Mfuko wa karatasi sikuwa nao, nikamimina unga wote kwenye ungo nikachukua mfuko wake.

Mjukuu kaja jioni, kaufungua, kakaa chini bila kukaribishwa.

"Bibi," kasema, "umenifulia shahidi."

Eti kwenye mate mna habari za mbwa, na kwenye mpasuko mna alama za meno. Nikamkumbusha kuwa jana alinisifu kwa kuosha. Kasema kidonda ni kidonda, suruali ni suruali. Kanywa vikombe vitatu vya maji, kaondoka, kaiacha suruali. Mimi sikusoma, herufi hizi niliziiba kwenye madaftari ya wanangu. Lakini kumkabidhi mtu nguo chafu sikufundishwa.

Jumatano, 5 Machi
Kilichofuliwa si kinachafuka tena? Fundi alipokwenda kwenye cherehani yake nikafunga mfupa ndani ya suruali, nikaenda kwenye uzio wake. Bwana Mkubwa kaja. Kanusa. Kautoa mfupa taratibu kama bibi harusi anayeonja wali, kaniramba mkono, kalala juu ya miguu yangu. Nimemtukana ukoo mzima. Katikisa mkia.

Fundi karudi ghafla. Kauliza kwa nini namwonyesha mbwa wake suruali ya mume wangu. Nimemjibu naianika. Kauliza, kwenye uzio wangu? Nikamwambia jua la kwake ni kali.

Nimerudi nyumbani nikaiuma mwenyewe. Meno ninayo manne tu, lakini ya kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Mjukuu kaitazama suruali kwa kioo cha kukuzia. Kisha kasema mbwa huyu ana meno manne na anavuta ugoro. Kanikaripia mpaka nikatafuta pa kuweka macho, halafu kacheka hadi kaegemea ukuta. Halafu kaacha kucheka. Kaweka kidole juu ya kiraka. Kauliza, kipande kilichokuwa hapa kilikwenda wapi?

Nikakumbuka. Bwana Mkubwa alikimbia nacho mdomoni!

Kaniamuru nisisogee hata hatua moja. Kampigia afisa simu, wakaingia pamoja kwa fundi. Mimi nje ya lango, mikono nyuma. Chini ya gunia analolalia mbwa, kipande kile, damu na yote. Mjukuu kavaa glavu. Picha kwanza. Kakiinua kwa kibano, kakitia kwenye bahasha ya karatasi, kaandika saa na mahali, katia sahihi, afisa naye katia. Hakupuliza hata vumbi! Niliumia kutazama.

Kiraka kikafumuliwa, tundu na kipande vikalingana kama yai na ganda lake. Fundi anajua kitambaa. Kainamisha kichwa. Afisa kaamuru mbwa afungwe mnyororo leo hii. Akionekana nje tena, na ushahidi ukiwepo, anahamishwa mtaa.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee katoka na ndoo yake. Kaenda bombani, karudi, kalalamika kuwa maji ya siku hizi ni mazito. Nimejificha jikoni. Machozi ni ya moshi.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana Mkubwa kakata mnyororo! Kaingia jikoni kwangu, kakanyaga ungo wa unga, kabeba nyama yote. Nyayo nyeupe toka jikoni hadi mlango wa fundi, unahesabu vidole. Mzee kaziona, karudisha ndoo chini.

Nimewapigia simu mjukuu na afisa waje upesi, safari hii ushahidi umejileta wenyewe. Wako njiani.

Nimewahi kupiga deki kabla hawajafika, nikafagia mpaka mlangoni kwa fundi. Afisa hawezi kukuta kwangu kama zizi. Sakafu inang'aa, hata punje ya unga huioni.