King'ora cha Meza Namba Nne

Jumatatu, 6 Julai

Lidia ana siku kumi na moja kwao Liuli. Kamchukua mtoto, sufuria kubwa na blanketi zuri. Ujumbe wake wa leo ni mfupi: atarudi huku Maguu siku nitakayokuwa na kazi anayoweza kuitaja mbele ya watu bila kuinamisha uso. Nikamjibu kwamba mume wake ni fundi simu. Akauliza wiki hii nimetengeneza simu ngapi. Nikazima data.

Moja! Na ilikuwa yangu.

Nyumba hii imekuwa kubwa mno. Jana nilijikuta namsalimia ndoo. Ila leo mambo yamefunguka. Mlinzi wa kikundi cha kahawa kaacha kazi kwa sababu ya miguu, na wiki iliyopita debe mbili za kahawa ziliondoka mezani bila kuaga. Jumamosi wanachama wanakutana kumpata wa kulinda meza za kuanikia. Othmar, jirani yangu, keshaomba. Ana mbwa wawili, Risiti na Kamanda, na anatembea nao kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa.

Mimi sina mbwa. Nina kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, niliyoagiza Dar mwaka jana kwa ajili ya mpango wa taa ambao sitaki kuuzungumzia. Ina pini inayohisi mguso. Unafunga waya kwenye pini, waya unaupeleka kwenye chuma, na chuma chote kinakuwa na hisia. Mkono ukigusa, namba kwenye kioo inashuka. Ikishuka vya kutosha, king'ora! Na kahawa ya hapa inaanikwa juu ya nini? Wavu wa waya! Meza itajilinda yenyewe.

Mzee Hyasinti, mwenyekiti, kaniruhusu kujaribu kwenye meza namba nne. Kasema pia kwamba sisi watu wa ziwani tuna maneno mengi. Nilimwamkia mara mbili, shikamoo ya kuja na shikamoo ya kuondoka, ili asahau hilo.

Nimemwandikia Lidia aje Jumamosi ajionee. Kajibu "sawa". Nimeisoma hiyo sawa mara nyingi sana.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, kwa hiyo kila asiye na shughuli alikuja kunitazama.

Kahawa ya meza namba nne imeoshwa jana, bado imelowa chapachapa. Bila mkono, namba ilisoma hamsini na mbili. Kwa mkono, thelathini na moja. Nikaweka mpaka katikati: arobaini na mbili. Chini ya hapo ni mwizi. Hesabu safi kabisa!

Saa tatu nikiwa nyumbani nakunywa chai, king'ora kikalia. Nikatoka mbio. Njia ya mkato inapita shamba la Othmar, lote mashimo ya ngolo, yale yanayochimbwa mlimani ili mvua isibebe udongo. Nikatumbukia shimo la kwanza, la pili, na la nne. La tatu niliruka. Nikafika mezani nina udongo mpaka masikioni, nikamkuta Mama Restituta, msimamizi wa ukaushaji, akigeuza kahawa kwa mikono. Akauliza huyo mwizi yuko wapi, wamkamate.

Kikalia tena saa nne. Na saa tano. Na saa sita kasoro. Hawa akina mama hawatulii! Mara wanageuza, mara wanachambua punje mbovu, mara wanafunika nailoni jua likiwa kali. Kwetu Liuli usipa, dagaa wetu wa ziwani, unaumwaga kichanjani, unaugeuza ukikumbuka, jioni unakusanya, basi. Kwa hiyo nikawaomba, kwa heshima zote, wasiiguse kahawa ya meza namba nne mpaka Jumamosi.

Mama Restituta aliitupa chini punje mbovu aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akasema taratibu kwamba kahawa isiyogeuzwa inaota ukungu na inanuka, na kwamba amekaa kwenye meza hizi miaka ishirini bila kufukuzwa na mtu. Kijana wa usipa hatakuwa wa kwanza.

Othmar alicheka mpaka Risiti akaanza kubweka. Nimeweka swichi. Mchana kinazimwa, giza likiingia kinawashwa. Nilipaswa kuanza na swichi.

Jumatano, 8 Julai

Kimelia mara kumi na moja! Asubuhi nilimkuta Mzee Hyasinti mlangoni kwangu amejifunika shuka, macho mekundu. Akauliza wamekuja wezi wangapi. Nikamwambia hakuna hata mmoja. Akauliza basi kilikuwa kinamwita nani.

Ulikuwa ukungu. Baridi ya Julai imeshuka mezani, maji yametanda kila mahali, namba ikateremka mpaka arobaini na moja yenyewe, bila binadamu. Othmar alipita akasema mbwa wake hawajawahi kuubwekea ukungu.

Nimeshinda nikihangaika. Waya ulikuwa mita nane, umening'inia hovyo. Nikaukata, ukabaki mita moja. Afadhali kidogo. Chaja ya simu niliyotumia kuleta umeme ilikuwa inatetemesha namba. Nikaiacha, nikaweka pawabenki. Namba ikatulia. Ikatulia mno! Nikagusa kwa mkono: haikushtuka. Kwa mikono miwili: wapi. Nikaparamia meza, nikalala juu ya wavu kifudifudi nikiitazama namba. Haikujali kabisa kwamba nipo.

Mama Restituta alinikuta hapo. Alinizunguka akaendelea na meza namba tano.

Baadaye nikakumbuka kwamba kitu kama hiki kinataka kushikana na ardhi. Nikagongelea msumari mrefu chini, nikaufunga waya, nikaumwagia maji. Ikafufuka! Furaha yangu ilidumu mpaka saa kumi, nilipotazama kioo nikakuta hamsini na saba. Jana hamsini na mbili, leo hamsini na saba. Nimegusa nini? Sijagusa kitu. Namba inapanda yenyewe kwa makusudi ya kunimaliza.

Sijala. Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 9 Julai

Sitini na tatu.

Nikiweka mkono inashuka mpaka arobaini na sita, haifiki arobaini na mbili, king'ora hakilii. Juzi kila mtu alikuwa mwizi, leo hakuna mwizi duniani. Nilikaa chini ya meza nikashika kichwa. Kahawa ni ileile, waya ni uleule, msumari umelowa. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba kahawa inakauka, na hilo haliwezi kunihusu mimi.

Halafu Mama Restituta kaanza visa. Kazi yake ni kujua kahawa imekauka kiasi gani, na anaijua kwa meno: anang'ata punje, anasikiliza, anaamua. Sasa kabakiwa na magego mawili, na moja linamuuma. Asubuhi akaniuliza namba ya jana ilikuwa ngapi, na ya leo ngapi. Nikamwambia. Akang'ata punje, akashika shavu, akatikisa kichwa, akaandika kwa chaki kwenye mguu wa meza: 63. Mchana, mimi nimegeuka kidogo tu, kahamisha waya wangu! Kaupeleka meza namba tisa, ambayo tayari gego lake limeipitisha kuwa kavu. Ikasoma sabini. Akaandika. Kaupeleka meza namba mbili, iliyooshwa leo. Hamsini na moja. Akaandika, akatabasamu peke yake.

Nikamwambia kwamba kifaa hiki si cha kuchezea. Akajibu kwamba haoni anayecheza. Akauliza ninaweza kutengeneza vingapi, kimoja kila meza. Nikamuuliza kwa ajili ya nini, wakati hata hiki kimoja kinaumwa. Akasema kwake yeye hakiumwi.

Nimefanya uchunguzi. Shangazi yake ameolewa ukoo wa kina Othmar. Nilijua tu.

Lidia kaandika: anapanda gari la kesho, analala Mbinga, Jumamosi asubuhi yuko Maguu. Mtoto ameanza kusimama. Nimelisoma hilo nikasimama mimi pia, sijui kwa nini.

Ijumaa, 10 Julai

NIMEPATA!

Ugonjwa ni kumbukumbu. Programu yangu inakumbuka mpaka wa Jumanne huku dunia imeshafika Ijumaa. Dawa: isahau! Nimeiandika upya. Sasa kila sekunde inatazama namba ilipo, inaiita hiyo ndiyo kawaida, na inahesabu tofauti tu. Ukungu ukija taratibu, sifuri. Kahawa ikikauka taratibu, sifuri. Mkono ukivamia, king'ora! Nimejaribu mara thelathini kwa kuvamia. Mara thelathini kimelia. Programu ya zamani nimeifuta kabisa, nisije nikairudia.

Mama Restituta alikuja na chaki yake. Meza iliyolowa: sifuri. Meza kavu: sifuri. Akauliza namba zimekwenda wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeziponya. Aliitazama sifuri, akarudisha chaki kwenye kitenge. Akachukua punje akang'ata. Machozi yalimtoka. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Nikamshauri aende akaling'oe.

Kesho mke wangu anarudi.

Jumamosi, 11 Julai

Nitaandika yote haraka kabla mkono haujakataa.

Lidia alifika. Alikaa benchi la nyuma la ghala, mtoto mapajani, kavaa kile kitenge cha bluu. Alinipungia mkono. Wanachama wote walikuwepo. Othmar alikuja na Risiti na Kamanda, wote wawili wameoshwa.

Nikamwomba Mzee Hyasinti awe mwizi wa mfano. Hapo ndipo nilipokosea, kwa maana mzee wa kanisa haibi kwa pupa. Akavua kofia. Akaushusha mkono polepole, kama anayembariki mtoto, akauweka juu ya kahawa. Kimya. Akakunja ngumi, taratibu. Akainua konzi nzima ya kahawa, akatuonyesha wote. Kimya! Programu ilikuwa inamzoea sekunde kwa sekunde. Nikamsihi aibe kwa haraka. Akanyakua, king'ora kikalia. Akasema ni kizuri, ila wezi wa hapa wana muda wa kutosha. Ghala zima lilicheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mama Restituta akasimama, kashika shavu. Akasema waachane na wezi. Akawakumbusha kwamba msimu uliopita magunia yao yalishushwa daraja kwa sababu mengine yalifungwa kahawa ikiwa mbichi, kila mng'ataji na jino lake. Akasema namba za Alhamisi za huyu kijana zilipanda kadiri kahawa ilivyokauka, na kwenye sabini gego lake nalo lilikubali kwamba kahawa ni kavu. Anaomba kikundi kinipe kazi. Meza zote thelathini, mpaka mwisho wa msimu, na msimu ujao tena.

Watu wakapiga makofi. Kwa ajili yangu! Lidia aliinua kichwa. Mzee Hyasinti akaniuliza jambo moja tu: je, ninaweza kuirudisha ile namba?

Ni kazi ya dakika kumi.

Nikasimama. Nikasema mimi ni fundi mwaminifu, siwezi kuwauzia watu ugonjwa. Nikasema ile namba ilikuwa kasoro, nilikesha nikipambana nayo, nimeiua kwa mikono yangu, na maadamu mimi niko hai haitapanda tena meza yoyote ya Maguu. Nilidhani watapiga makofi zaidi. Alipiga Othmar peke yake.

Wamechagua mbwa.

Nje, Lidia aliniuliza ningepungukiwa nini kusema ndiyo. Nikamweleza kwamba haya mambo ya elektroniki ni magumu kwa mtu wa nje. Hakubisha. Alimfunga mtoto mgongoni, akapita nyumbani kuchukua blanketi la pili, akawahi gari la saa nane. Mtoto alisimama kweli, nilimwona, ameshika mguu wa meza namba nne. Gari lilipoondoka nilikwenda nyuma ya ghala nikalia.

Jumapili, 12 Julai

Watu walipotoka kanisani Mama Restituta alikuja mpaka kwangu. Kaniletea mkungu mdogo wa ndizi na kaniomba tena, kwa adabu, kama mtu anayemwomba mtoto wake. Alisema nafasi bado ipo, kikundi hakijaifunga. Nikamshukuru kwa ndizi. Nikamweleza kwamba kwa sasa siwezi, nina kazi kubwa ya kukifundisha kifaa kuikamata mikono ya taratibu, na nikiimaliza Othmar na mbwa wake watatafuta pa kwenda.

Kwa kuwa meza nimenyang'anywa, nimefunga waya kwenye kitanda chetu cha chuma. Nimeondoa vitu vyote karibu yake, na mimi mwenyewe nakaa mlangoni nisiisumbue. Matokeo ni ya ajabu! Sifuri tangu saa nne asubuhi. Haijatikisika hata mara moja. Wiki nzima nimeitafuta namba iliyotulia hivi, na leo iko humu ndani.

Nimeipiga picha nikamtumia Lidia. Nikaandika: umeona sasa? Mpaka jioni hii hajajibu. Mtandao wa ziwani unasumbua sana siku hizi.