Difu ya Bwana Harilal

Zahoro alilisikia lile pikapu kabla hajaliona. Alikuwa kwenye benchi la Mwanamkuu, muuza vitumbua wa Kariakoo, anapoza chai kwenye kisahani, ndipo vikombe vilipoanza kugongana vyenyewe mezani. Likapita pikapu la Bwana Harilal, mfanyabiashara wa nazi: milango inatetemeka, nazi zinarukaruka nyuma, na Bakili dereva kauma meno kama mtu anayetolewa mwiba.

"Gari lina homa lile," alisema Mwanamkuu.

"Basi limepata daktari," alisema Zahoro, akaiacha chai nusu. Wanaomjua wanajua kwamba chai haachi hivihivi.

Zahoro alikuwa na banda Gerezani, kando ya reli, lenye bati zima na shimo la kuingilia chini ya magari. Aliachiwa na marehemu mjomba wake, fundi wa kweli. Mjomba alifanya kazi kwa spana. Mpwa alifanya kwa mdomo. Mwaka wa juzi, huo ulikuwa hamsini na nne, alimpata muuza mkaa mmoja wa Ilala ambaye gari lake lilivuka Jangwani wakati wa mvua, tope likaganda upande mmoja wa propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Propela ikielemewa upande mmoja haizunguki sawasawa, inayumba, na gari zima linatetemeka nayo. Zahoro akamwambia yule mzee kwamba difu imekufa, maana yake meno yote ya chuma kwenye ekseli ya nyuma yamesagika. Akalinunua gari kwa bei ya kutupa, akakwangua tope kwa bisibisi, akaliuza kesho yake likiwa limetulia kama kitanda.

Kisa hicho alikisimulia kwenye benchi la Mwanamkuu mara nyingi sana. Akikosa wa kumsimulia, alimsimulia Mwanamkuu mwenyewe, naye hakuwahi kumkatiza.

Dukani kwa Harilal alifika na uso wa daktari. Akaomba glasi ya maji, akaiweka juu ya dashibodi, akapanda pamoja na Bakili. Kwenye barabara iliyonyooka akamwambia, "Kanyaga." Maji yakaanza kucheza. "Sasa toa gia, liache liteleze." Injini ikapoa, maji yakaendelea kumwagika mapajani mwake.

"Umeona, ndugu yangu? Injini imepumzika, mtetemo umebaki. Ugonjwa uko nyuma ya giaboksi. Na usukani unatulia?"

"Unatulia. Kinachotetemeka ni makalio," alisema Bakili.

"Basi si magurudumu ya mbele." Haya yote yalikuwa kweli. Zahoro alijua kazi. Alichokosa ni hamu ya kuifanya.

Waliporudi akajipenyeza chini ya gari. Na hapo, katikati ya propela, alikuta kile moyo wake ulichokuwa ukikiomba: donge la udongo mkavu, kubwa kama mkate, limeshikilia upande mmoja. Akatabasamu peke yake gizani. Akatoka na uso wa mfiwa.

"Bwana Harilal, una watoto?"

"Wawili. Sarla na Anjana."

"Wasilipande tena gari hili."

Harilal akakaa juu ya gunia. Mkewe, Ranjanben, akatokea uani, mikono imejaa udongo hadi viwiko. Sikukuu ya Diwali ilikuwa inakaribia na jiko lake lilikuwa linapakwa upya, kama afanyavyo kila mwaka, kwa udongo uliokandwa na samadi, kisha linachorwa mistari ya upinde kwa vidole vinne.

"Karibu chai, fundi," alisema. "Sema polepole, mume wangu ana presha."

Zahoro alikunywa chai uani, akalisifu jiko na mistari yake mizuri kama magamba ya samaki, ndipo akatoa hukumu. "Difu imekufa, mama. Ya kwanza ndiyo hiyo."

"Kuna ya pili?" aliuliza Harilal.

Hapakuwa na ya pili. Lakini Zahoro hakupenda kumwangusha mtu anayesikiliza vizuri. "Propela nayo imepinda. Na gari la zamani namna hii, vifaa vyake havitengenezwi tena hata huko Ulaya."

"Nani atanunua maiti?" Harilal alilia.

"Nitalichukua mimi, kwa huruma tu. Nilivunjevunje, niuze vyuma."

"Kwa kitu gani?" aliuliza Ranjanben. "Pesa unazo?"

Zahoro akajipapasa mfukoni, akakuta kitambaa tu.

"Lakini banda unalo," mama akaendelea. "Sisi nazi zetu zinaletwa kwa treni, hatuna pa kuziweka. Banda kwa gari, tumalizane."

Chai ikampalia. Lile banda ndilo kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Usiku alilala humo, mchana alidanganyia humo. Lakini akapiga hesabu: pikapu zima, likishakwanguliwa tope, litanunua mabanda mawili na kitanda cha kifahari cha besera. Akakubali.

"Sharti moja," alisema Ranjanben. "Uyaseme magonjwa yote mbele ya watu, yaandikwe. Sitaki kesho mtaa useme tumemuuzia fundi kitu kibovu."

Akaitwa Elisaria, karani wa reli, mwenye mwandiko wa kupendeza. Zahoro akataja, yeye akaandika: difu imekufa, propela imepinda, mnunuzi amekagua kwa macho yake na ameridhika. Zahoro akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Hakwenda mbali. Kwenye uwanja wa Jangwani akasimama, akaingia chini na bisibisi yake. Donge likabanduka zima. Akaliwasha gari, akakanyaga.

Likatetemeka vilevile.

Akarudi chini. Pale lilipokuwa donge palikuwa na kovu la kuchomelea, propela imepinda kama mguu wa mzee. Akafungua difu. Mafuta yalimwagika pamoja na meno ya chuma, mengine mazima, mengine nusu, mchuzi na nyama zake. Kisha akaligeuza lile donge mkononi. Upande wa nje, vizuri kabisa, kulikuwa na mistari ya upinde ya vidole vinne.

Saa kumi alifika dukani kwa miguu, donge kwapani. Nyumba ilikuwa imejaa: Bakili yuko mlangoni, Elisaria anakunywa chai, na Mwanamkuu kakaa kwenye gunia na sinia lake la vitumbua kama mtu wa nyumbani.

"Shikamoo mama," alisema Zahoro, kwa kukosa pa kuanzia.

"Marahaba, fundi."

"Lile gari… difu imekufa."

Watu wakatazamana kwa huzuni.

"Si ulituambia," alisema Harilal.

"Na propela imepinda."

"Ipo," alisema Elisaria, akikunjua karatasi. "Mstari wa pili."

Zahoro akaitazama karatasi. Aseme nini? Kwamba alidanganya? Mbele ya watu wote hawa, na sahihi yake ina mikia mitatu? Akamgeukia Mwanamkuu, naye alikuwa anapanga vitumbua kwa umakini usio wa kawaida.

"Wewe ndiye uliyewaambia habari ya muuza mkaa."

"Mimi sikusema neno," alijibu Mwanamkuu. "Bakili hunywa chai benchi lilelile. Wewe mwenyewe ulikuwa unasimulia kwa sauti."

Ranjanben akamtoa donge kwapani, akaligongagonga kwa kidole. "Limekauka vizuri. Asante kwa kulirudisha, nilipungukiwa upande wa nyuma wa jiko."

"Kaa, fundi," alisema Harilal, na Sarla akaleta kikombe. "Pale bandani tutahitaji mtu wa kulala na kulinda nazi. Nimekufikiria wewe. Hawa mafundi wengine wanababaisha tu, wewe hukukosea hata neno."

Zahoro akakaa. Chai hii aliinywa hadi mwisho.