Jiwe Langu na Meza Tupu

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mashine imefika! Gachanja, tuliyesoma naye chuo na ambaye sasa ni mhadhiri wa Fizikia, ameituma kwa basi. Nimeazimwa hadi Jumamosi. Nimeibeba kwa mikono miwili na kupita katikati ya soko la Mbumbuni makusudi, ingawa njia ya nyuma ni fupi. Watu wakauliza ni nini. Nikawaambia inasikia mnururisho, yaani miale isiyoonekana inayotoka kwenye mawe, kwenye udongo, hata ndani ya miili yetu. Muuza nyanya akafunika nyanya zake.

Imekuja wakati wake. Ijumaa wanafunzi wa kidato cha pili wanachagua masomo mbele ya wazazi. Madam Kathini, mwalimu mkuu, amesema Fizikia isipopata watu kumi na tano inafutwa. Nitabaki na Hisabati na usimamizi wa vyoo. Hadi leo ninao sita! Waliobaki amewachota Kitheka wa Jiografia kwa kuwaahidi safari ya Tsavo. Hata basi hana.

Somo la kwanza. Nikawasha. Tik. Tik-tik. Tik. Darasa likanyamaza lenyewe! Miaka kumi na moja ya ualimu, sijawahi kuona. Nilikaribia kulia kwa fahari. Ndipo Kasyoki akainua mkono. Akasema mwalimu, hujaweka kitu hapo, mbona inalia? Akaomba tuhesabu meza tupu kwanza, ndiyo tujue kitu kikiwekwa kimeongeza nini. Kasyoki ni mtoto wa kaka yake mke wangu, na ukoo huo hauwezi kumwacha mtu afurahi. Tukahesabu. Ishirini na mbili kwa dakika. Wote wakaandika daftarini. Dakika nzima imepotea.

Jumanne, 17 Septemba

Ndizi. Kila mtaalamu anajua ndizi ina mnururisho. Nimenunua mkungu mzima na kuuzungushia mashine kwa madoido. Meza tupu, ishirini na mbili. Mkungu, ishirini na tatu. Darasa likanitazama. Nikaeleza kwamba upo, ila ni mdogo sana kwa mashine yetu. Wakauliza kama wanaweza kula ushahidi. Wameumaliza kabla ya kengele.

Sikukata tamaa. Nimetangaza shindano: kila mmoja alete jiwe la kwao. Litakalolia zaidi litaonyeshwa wazazi Ijumaa. Shangwe! Kitheka amenifuata ofisi ya walimu kulalamika kwamba mawe ni ya Jiografia tangu zamani. Madam Kathini akamjibu kwamba mawe yalikuwa hapa kabla yetu sote. Kitheka alikunywa chai yake bila sukari. Nilimwona.

Jumatano, 18 Septemba

Somo la visoda, vile vifuniko vya chupa. Ubunifu wangu mwenyewe! Unamwaga visoda mia moja mezani. Vinavyolala chali unavitoa, vilivyobaki unamwaga tena. Walipata mia, arobaini na tisa, ishirini na sita, kumi na mbili. Hakuna anayejua kisoda kipi kitatoka, lakini kila mara karibu nusu hutoka. Ndivyo chembe za mnururisho zinavyokwisha. Mvulana wa nyuma ambaye hulala tangu Januari alisimama juu ya kiti kuona.

Tatizo dogo. Visoda mia moja vinapatikana wapi kwa haraka? Nyuma ya baa ya sokoni. Nilivichukua asubuhi na mapema, nimeinama, na nani akapita? Mke wa shemasi wetu. Nikamsalimia. Hakuitikia. Kufikia saa nne Kitheka alikuwa ofisini akisoma kwa sauti jina la bia lililo kwenye kisoda kimoja. Madam Kathini akaniita. Nikamweleza kwamba vinywaji vilinywewa na watu wengine. Akasema ananiamini, ila visoda vikaoshwe kwa Omo.

Hata hivyo wanafunzi tisa sasa! Watatu wameongezeka.

Alhamisi, 19 Septemba

Siku mbaya. Tumepima mawe. Mengi yamepata ishirini na nne, ishirini na nane. La Kasyoki, jiwe la madoadoa kutoka kizingiti cha nyumba ya nyanya yake, arobaini na moja! Kisha langu. Nililitoa shambani kwangu kwa wilbaro, zuri, kubwa kuliko yote, nimelipiga brashi. Ishirini na mbili.

Sawasawa na meza tupu. Jiwe la mwalimu! Mtu mmoja akacheka. Nadhani alikuwa mwalimu wa zamu.

Nimewaza tangu chakula cha mchana, sikumaliza hata isyo yangu, mahindi na maharagwe nipendayo. Kesho wazazi wakiona jiwe la mtoto limeshinda la mwalimu, nani atamkabidhi mtoto wake? Ndipo nikakumbuka stoo ya kanisa. Ziko karabai za kabla ya umeme, na pakiti ya vile visoksi vyeupe vinavyowaka ndani ya taa. Visoksi vya zamani vilitiwa thoriamu, madini ya asili kabisa. Nimeomba funguo kwa mzee wa kanisa. Nimepima kimoja. Mashine imelia kama mahindi kwenye kikaango. Mia sita!

Mpango: kisoksi chini ya kitambaa cha meza, jiwe langu juu yake. Si udanganyifu. Ni kulisaidia jiwe.

Mke wangu Mbinya amekataa kuona hivyo. Amesema niseme ukweli, na pia nipeleke mbuzi wa mama yake. Sijui mambo hayo mawili yanahusianaje. Mama mkwe anaishi ng'ambo ya mto, na sisi Wakamba tuna nthoni, heshima ya mtu na mkwewe: mpaka nimpelekee huyo mbuzi, siwezi kukaa naye chumba kimoja wala kumtazama usoni. Miaka tisa nazunguka njia ndefu. Mbinya ameuliza nani atamwakilisha Kasyoki kesho. Nimemwambia baba yake, dereva wa lori. Ameahidi. Nimefikiria kila kitu.

Ijumaa, 20 Septemba

Lori limeharibika Mtito Andei.

Sikujua! Nilikuwa mbele ya wazazi, suti ya harusi, meza yenye kitambaa kirefu cha ofisi ya mkuu, jiwe langu juu. Mashine ikalia. Mia nne hamsini! Wazazi wakasimama. Kitheka akakunja uso. Mzee mmoja akasema hili ni jiwe la ajabu. Dakika hiyo moja nilikuwa mtu mrefu kuliko wote Makueni.

Ndipo nikaona leso ninayoijua mlangoni. Mama mkwe! Mlango mmoja tu, na yeye yuko ndani yake. Ningefanya nini? Nikaingia chini ya meza.

Kutoka huko nilisikia yote. Madam Kathini akauliza mwalimu amekwenda wapi. Kisha Kasyoki, sauti yake imetulia, akasema wataendelea. Akaandika ubaoni ishirini na mbili, akawaeleza wazazi maana yake. Akasogeza jiwe langu kando na kulipima. Ishirini na mbili. Akapima pale lilipokuwa. Mashine ikapiga kelele. Akasema basi si jiwe.

Akavuta kitambaa. Kisoksi kikaanguka sakafuni, na mimi nikaonekana. Vyote kwa mara moja.

Darasa zima likapiga makofi! Kasyoki akaeleza kisoksi ni nini, ingawa sikumfundisha. Alisoma mwenyewe. Kisha akaelekeza mashine kwangu. Akasema lazima tupime kila kilichokuwa karibu. Ishirini na mbili. Akatangaza mwalimu ni sawa na meza tupu. Mzee wa jiwe la ajabu alicheka mpaka akaketi chini.

Mama mkwe alikuwa amegeuka ukutani, leso usoni. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wa pili. Kupitia Kasyoki akasema: mwambie mwalimu mjukuu wangu amefundishwa vizuri. Pia mwambie kwamba mbuzi wangu anatembea polepole sana, miaka tisa sasa.

Sijala chakula cha jioni. Fizikia imekwisha. Naandika haya nikitazama ratiba ya vyoo.

Jumamosi, 21 Septemba

ISHIRINI NA MBILI! Ndio waliochagua Fizikia. Namba yangu!

Madam Kathini mwenyewe alinipigia. Kwenye fomu kuna nafasi ya kueleza sababu. Alinisomea: kwa sababu kwenye Fizikia hata mwalimu anapimwa. Kumi na wawili wameandika hivyo, kwa maneno tofauti. Kitheka ameuliza, kwa sauti ya chini, kama ningempimia mawe yake kabla mashine haijarudi. Nimempimia. Nilipiga mluzi tu.

Nina fahari hata kifua kinauma. Kasyoki alisimama mbele ya wazazi wote akaanza na meza tupu! Nani alimfundisha kuanza na meza tupu? Mimi. Nadhani ni mimi.

Mashine imerudi kwa basi, imefungwa vizuri. Gachanja ataituma tena, maana mwezi wa pili shule yetu inakwenda Kitui kwa maonyesho ya sayansi. Kasyoki ataongoza. Mwalimu wake, bila shaka, atapeleka jiwe. Nimejifunza kosa langu: kitambaa kinainuliwa. Safari hii nimetoboa jiwe, nimetia kisoksi ndani, nimeziba kwa saruji. Linakauka dirishani.

Mbinya amepita, akalitazama, akanikumbusha mbuzi. Anasema mama yake naye atakuja Kitui kumwona mjukuu. Hakuna shida. Nimeshawaandikia waandalizi kuwauliza kama meza zao zina vitambaa virefu.